Mawe ya akwariamu hayachemshwi jikoni

Jumamosi moja nilifika kwa kaka yangu, Kigamboni, nikakuta ugomvi wa sufuria.

Kaka alikuwa amenunua tangi la samaki la maji chumvi, la mtumba, kutoka kwa familia ya kigeni iliyokuwa inafunga mizigo kurudi kwao. Alipewa tangi, pampu, taa na gunia zima la mawe. Mawe yenyewe ni mepesi, yana matundu matundu. Yalikaa majini miaka kadhaa, kisha yakaanikwa na kutupwa stoo. Aliyemuuzia alimwambia ayachemshe kidogo kuua wadudu kabla ya kuyatumia. Basi kaka akashusha sufuria kubwa ya wifi, ile ya pilau la sikukuu, akaijaza maji na kuiweka kwenye jiko la gesi. Mtoto wao wa miaka 6 alikuwa sakafuni anapanga mawe kwa ukubwa, amevaa kaptula tu.

Wifi alisimama mlangoni, mikono kiunoni. “Sufuria yangu haipikiwi mawe,” alisema, na akazima gesi.

Yeye alikuwa anatetea sufuria. Lakini kwa kuzima ile gesi huenda aliwaepusha wote wanne na safari ya hospitali. Nilikumbuka kuwa niliwahi kusoma ripoti kuhusu watu waliougua nyumbani kwao kwa sababu ya matumbawe ya akwariamu, nikamwomba kaka asubiri. Tulitoa gunia nje, mtoto akaoshwa mikono kwa sabuni, nami nikakaa na simu yangu hadi jioni. Niliyoyapata ndiyo ninayowaletea wiki hii, kwa sababu naona matangi haya yanazidi kuuzwa kwenye makundi ya mitandaoni, na ushauri wa “chemsha tu” unatembea nayo.

Tatizo ni sumu inaitwa palitoksini. Inapatikana kwenye baadhi ya viumbe jamii ya matumbawe laini, wanaoitwa zoantidi. Wakiwa hai wanavutia sana. Wanafanana na vifungo vya shati au maua madogo yaliyobanana juu ya jiwe, ya kijani, ya kahawia, wakati mwingine ya rangi ya chungwa. Si wote wenye sumu, na hata wataalamu hawawezi kuwatofautisha kwa macho tu. Wakifa na kukauka wanabaki kama ganda la kahawia, gumu kama ngozi, limeng'ang'ania kwenye jiwe. Asiyejua ataona uchafu.

Sumu hii ilitenganishwa kwa mara ya kwanza na wanasayansi wa Hawaii, ambao walitangaza kazi yao mwaka 1971. Ni miongoni mwa sumu kali zaidi zinazotengenezwa na viumbe hai. Kila seli ya mwili ina kijipampu kinachotoa sodiamu nje na kuingiza potasiamu ndani. Palitoksini inakishika kijipampu hicho na kukigeuza kuwa mlango ulioachwa wazi. Misuli, moyo, mapafu na neva vyote vinategemea pampu hiyo. Hakuna dawa maalumu ya kuiondoa sumu hii mwilini. Madaktari wanachofanya ni kumsaidia mgonjwa apumue na moyo uende sawa mpaka mwili wenyewe upate nafuu.

Sasa hapa ndipo kuchemsha kunapoleta balaa. Tumezoea kwamba moto unaua kila kitu. Maji ya kunywa tunachemsha, chuchu za chupa ya mtoto tunachemsha, na ni sahihi. Vijidudu vinakufa kwa joto. Lakini palitoksini si kijidudu, ni kemikali, na joto la jikoni haliivunji. Maji yanapotokota, mvuke na matone madogo sana yanaibeba hadi hewani, na kila aliye ndani ya nyumba anaivuta. Hata maji ya moto ya bomba, mashine ya kuoshea magari, au kusugua jiwe kavu kwa brashi ngumu kunaweza kuirusha hewani.

Mwaka 2018 katika kijiji cha Steventon, Uingereza, mwenye akwariamu alikuwa akihudumia matumbawe ya tangi lake nyumbani. Watu 10 waliishia hospitali, wakiwemo watu wa huduma za dharura waliofika kuwasaidia. Na mwaka 2015 kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani, CDC, kilitoa ripoti ya watu waliougua mjini Anchorage, Alaska, kati ya mwaka 2012 na 2014, majumbani na kwenye maduka ya akwariamu, baada ya kushughulikia zoantidi.

Naomba mzazi aelewe vizuri dalili zake, kwa sababu hapa kwetu zitatuchanganya. Mtu aliyevuta sumu hii anaweza kuanza na ladha chungu au ya chuma mdomoni, kisha kikohozi, kifua kubana, homa, kutetemeka, misuli kuuma na mwili kuishiwa nguvu. Inaweza kuanza baada ya dakika chache au baada ya saa kadhaa. Sasa fikiria mtu anafika zahanati ya mtaani usiku na homa, anatetemeka, viungo vinauma. Wewe ungewaza nini? Atapimwa malaria, na si kosa la mhudumu. Asipoambiwa kuwa mchana ule kulikuwa na mawe ya akwariamu yanachemka jikoni, hatakuwa na sababu ya kuwaza jambo jingine. Kwa hiyo mwambie. Sema neno akwariamu, sema matumbawe, sema mvuke. Kama una picha ya mawe kwenye simu, mwonyeshe.

Ikitokea tayari umechemsha na mtu ameanza kukohoa, toeni watu wote nje kwanza, na hasa watoto na wazee. Usibaki ndani kufungua madirisha yote au kuokoa sufuria. Nendeni hospitali yenye uwezo wa kumpa mgonjwa oksijeni, hata kama anasema anajisikia nafuu. Maji ya mawe yakiingia jichoni, safisha kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15 hadi 20 kabla ya kuondoka, kwa sababu sumu hii inaharibu kioo cha jicho.

Baada ya kumweleza kaka yote hayo alinyamaza kidogo, kisha akauliza swali la mtu aliyekwisha kulipa pesa: “Kwa hiyo nitupe gunia zima?”

Hapana. Mawe ya mtumba yanaweza kutumika, ila yanataka maji baridi, nafasi ya nje, na subira ya wiki nyingi.

Kazi ya kwanza haihitaji hata maji, inahitaji maswali. Muulize aliyekuuzia kama mawe yalikuwa na zoantidi, na kama aliwahi kutibu samaki kwa dawa yenye shaba. Shaba inatumika kuua vimelea vya samaki, lakini jiwe la namna hii linaifyonza na kuiachia polepole. Samaki wanaweza kuvumilia kidogo, ila kamba, konokono na matumbawe hawawezi. Akisema alitumia, mimi ningeyapeleka mawe hayo bustanini na kununua mengine. Kaka alimpigia yule mtu, akaambiwa shaba hapana, “vifungo” ndiyo, vilikuwepo vya kijani. Bila simu ile tusingejua.

Mawe yenye ganda la namna hiyo tuliyatenga. Yalikuwa matatu, na ushauri wangu kwa familia yenye watoto ni kuyatupa, yakiwa yamefungwa kwenye mifuko miwili ya plastiki. Najua kuna wanaoyasafisha kwa mafanikio. Sioni jiwe lenye thamani ya kumbahatisha mtoto.

Yaliyobaki yanaoshwa nje, mtoto akiwa ndani au kwa bibi. Vaa glovu za mpira zinazofika juu ya kifundo cha mkono, miwani ya kukinga macho, barakoa inayokaa vizuri usoni, shati la mikono mirefu na viatu vya kufunika. Kama una kidonda mkononi, mpe mwingine kazi. Kabla ya kugusa chochote lowesha mawe kwa maji baridi yanayomwagwa taratibu, ili vumbi lisipae. Halafu yazamishe kwenye pipa la maji ya kawaida siku mbili tatu, ukibadilisha maji kila siku. Ndani ya matundu yale kuna minyoo, kaa wadogo na mwani waliokufa humo. Kaka alishangaa jiwe lililokaa stoo zaidi ya mwaka likitoa harufu ya soko la samaki saa nane mchana.

Usiruke hatua hiyo ukakimbilia jiki. Uchafu unaooza unatoa amonia, na amonia ikikutana na jiki inatoa gesi inayochoma mapafu.

Uchafu ukipungua, sasa jiki. Nazungumzia dawa ya kung'arisha nguo iliyo ya kawaida kabisa, isiyo na manukato wala sabuni. Maji yanatangulia kwenye ndoo, jiki inafuata, ili isikurukie usoni. Kipimo ni sehemu moja ya jiki kwa kumi za maji. Yaani lita 2 kwa lita 20. Mawe yanashushwa humo taratibu, siku nzima au mbili, mahali penye hewa. Jiki inakula mabaki ya viumbe na inasaidia kuivunja hata palitoksini yenyewe, jambo ambalo moto hauliwezi.

Hapa nisimame kidogo, kwa sababu naandika ukurasa wa familia, na ajali nyingi za nyumbani hazihitaji sumu ya Hawaii. Ndoo ya maji peke yake inatosha kumzamisha mtoto anayejifunza kutembea. Anainama, kichwa kinatangulia, hawezi kujiinua. Ndoo yenye jiki ni hatari mara mbili. Iwe na mfuniko uliowekewa kitu kizito na ikae mahali panapofungwa. Na jiki iliyobaki irudi kwenye chupa yake. Ile tabia yetu ya kununua jiki ya kupima na kuiweka kwenye chupa ya soda ndiyo inayowaponza watoto, maana kwao chupa ya soda ina soda. Akinywa, usimtapishe. Msukutue mdomo kwa maji, usimpe maziwa wala mafuta ya kula kwa kusikia ya jirani, mkimbize hospitali na chupa yenyewe mkononi.

Kuna watakaokwambia utumie asidi. Wafugaji wa samaki wa nchi za nje wanapenda asidi ya haidrokloriki, kwa sababu inayeyusha tabaka la juu la jiwe pamoja na fosfati iliyojificha humo. Inafanya kazi kweli. Pia inatoa mvuke unaochoma koo, inaumuka na kurusha povu, na inaunguza ngozi. Kwa nyumba yenye watoto mimi nasema hapana, na hapana mara mbili kwa anayefikiria maji ya betri. Kama jiwe lako lina fosfati nyingi, utaiondoa kwa kulowesha na kubadilisha maji muda mrefu zaidi. Utachelewa, basi.

Hatari kubwa zaidi ni asidi na jiki kukutana. Matokeo yake ni gesi ya klorini, gesi ileile iliyotumika vitani mwaka 1915 huko Ypres. Na kukutana huko hakuhitaji maabara. Siki ni asidi. Dawa nyingi za kusafishia choo zina asidi. Kaka alipomaliza kulowesha alitaka kwenda kumwaga ndoo ya jiki chooni, ambako wifi alikuwa ametia dawa ya choo asubuhi ile. Tulimzuia mlangoni. Maji ya jiki yaache kwenye ndoo iliyofunikwa kwa wavu, juani, mpaka harufu iishe, au yatie dawa ya kuondoa klorini inayouzwa kwenye maduka ya samaki, ndipo uyamwage. Yasielekezwe kwenye mtaro unaoingia baharini.

Mawe yenyewe yanasuuzwa mara tatu au nne, yanaloweshwa tena usiku mzima kwenye maji yenye dawa hiyohiyo ya kuondoa klorini, kisha yanaanikwa juani kama wiki moja. Ukilinusa jiwe na ukahisi hata chembe ya jiki, halijawa tayari. Na usilioke kwenye oveni ili likauke haraka. Maji yaliyonasa ndani yakigeuka mvuke yanaweza kulipasua jiwe, vipande vikaruka.

Wengi hudhani kazi imeisha hapo. Jiwe sasa ni safi, lakini ni tupu. Katika tangi la maji chumvi jiwe ndilo chujio. Ndani ya matundu yake wanaishi bakteria wanaogeuza amonia ya kinyesi cha samaki kuwa naitriti, kisha naitreti isiyo na makali sana. Jiki imewaua wote. Ukiweka samaki siku hiyo hiyo watakufa kwa kinyesi chao wenyewe, na utakayemweleza sababu ni mtoto anayelia.

Kwa hiyo mawe yanarudi kwenye pipa, safari hii na maji chumvi, gramu 35 hivi za chumvi ya akwariamu kwa lita moja. Chumvi ya mezani haifai. Weka pampu ndogo ya kuzungusha maji, funika pasiingie mwanga ili mwani usiote, na tia bakteria wa chupa wanaouzwa kwa kazi hiyo ukiwapata. Waya wa pampu uning'inie chini kidogo kabla ya kupanda kwenye soketi, ili tone la maji lidondoke sakafuni lisifuate waya hadi kwenye umeme. Na ekstensheni isilale sakafuni kando ya pipa. Pima amonia na naitriti kila wiki. Vyote vikisoma sifuri mfululizo, wiki ya nne, ya sita, wakati mwingine ya nane, jiwe limekuwa tayari. Pima na fosfati. Ikiwa juu, badilisha maji na uendelee kusubiri.

Katika kipindi hiki endelea kuvaa glovu. Kuna bakteria anaitwa Mycobacterium marinum, ndugu wa yule wa kifua kikuu, anayeishi kwenye maji ya matangi. Akipita kwenye mchubuko anasababisha uvimbe mdogo kwenye kidole au mkono, unaojitokeza wiki kadhaa baadaye, hauumi sana na haupendi kupona. Unatibika, lakini kwa antibiotiki za miezi. Watu wanatibiwa fangasi, wanatibiwa jipu, wanarudi tena. Ukimpeleka mtu mwenye kidonda cha namna hiyo, hapo pia lile neno akwariamu litamsaidia daktari.

Najua kuna anayesoma akisema, yote haya ya nini, si niende ufukweni nikaokote jiwe langu bure? Jiwe la baharini lina viumbe haohao, na hujui ni wapi. Tena maeneo kama Mbudya na Bongoyo ni hifadhi ya bahari, na matumbawe magumu yamo kwenye orodha ya mkataba wa kimataifa wa CITES unaosimamia biashara ya viumbe walio hatarini. Waachie samaki nyumba yao. Kinachouzwa kihalali kama mawe makavu mapya kwa kawaida huchimbwa nchi kavu, kwenye miamba ya kale iliyokuwa bahari, mawe ya jamii ileile waliyojengea wazee wetu Kilwa, Bagamoyo na Mji Mkongwe. Hayo hayajaona zoantidi kwa maelfu ya miaka. Ila usichukue ya nyumba iliyobomolewa, kwa sababu yana chokaa na rangi.

Mawe ya kaka yapo barazani, wiki ya tano sasa. Amonia imeshuka lakini bado haijafika sifuri. Mtoto ana kalenda aliyoichora mwenyewe ukutani, na kila nikifika ananiuliza, “Shangazi, leo ni sifuri?” Wifi amepewa sufuria yake, ameisugua mara tatu ingawa haikuingia jiwe hata moja, na kaka amekatazwa kuigusa.